Kuhani naye alikuwa akiteremka



Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Msemo huu nimeutumia katika mahubiri kwa zaidi ya miaka ishirini, hasa kuwaonya vijana wanaojiingiza katika mambo wasiyojua watatokaje. Lakini sikuuelewa vizuri mpaka nilipopigiwa simu na kijana mmoja niliyemwandaa kwa Komunyo ya Kwanza, ambaye sasa anaishi Salt Lake City, katika jimbo la Utah nchini Marekani. Alikuwa amekimbia marathoni, na alikuwa na neno lililomsumbua moyoni. Ameniruhusu nilisimulie, mradi nisimtaje jina.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Wengi wetu tukisikia hivyo tunawaza jasho la kupanda milima. Mbio alizokimbia yeye ni za aina nyingine, kwa sababu sehemu kubwa ya njia yake ni kuteremka. Hufanyika mwezi Septemba katika korongo liitwalo Big Cottonwood, kwenye milima iliyo karibu na mji huo. Wakimbiaji hupandishwa mabasi kabla hakujapambazuka, wakapelekwa juu, zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na huko hutetemeka kwa baridi wakisubiri kuanza. Kisha huifuata barabara ya lami inayoshuka sambamba na mto mdogo, kuta za mwamba zimesimama kulia na kushoto, na miti ya mlimani imegeuka rangi ya njano kwa sababu majira ya baridi yanakaribia. Wanapotoka kwenye mdomo wa korongo wameshuka zaidi ya mita 1,000.

"Padri," aliniambia, "njia ile inakukimbiza yenyewe. Unajisikia kama umebebwa."

Watu wengi huenda kule kutafuta muda mzuri. Mbio za Boston, zilizoanza mwaka 1897, hazimpokei kila anayetaka. Wengi wa wanaoshiriki hutakiwa kwanza kuonyesha kwamba wamemaliza marathoni nyingine ndani ya muda uliowekwa kwa umri wao. Kijana wetu aliiota Boston kwa miaka. Yeye na rafiki yake, Mkenya wanayesali naye parokia moja, walifanya mazoezi pamoja kwa miezi mingi, wakiamka saa kumi alfajiri kabla ya kwenda kazini. Wakaahidiana kuanza pamoja na kumaliza pamoja.

Simu yake ilikuja siku ya tatu baada ya mbio. Alianza kwa kucheka. Alisema anashuka ngazi za nyumba yake kinyumenyume, ameshikilia ukuta kama mzee, na kucha mbili za miguu zimekuwa nyeusi.

"Mwanangu, ulipanda mlima gani?" nikamuuliza.

"Sikupanda, Padri. Niliteremka."

Mpendwa msomaji, waulize waliopanda Kilimanjaro. Wengi watakuambia kwamba siku iliyowaumiza magoti ni ile ya kurudi chini. Tunapopanda, misuli ya paja hujikaza huku ikifupika. Tunaposhuka, misuli ile ya mbele ya paja hulazimika kuuzuia mwili usianguke, hivyo hujikaza wakati huohuo inavutwa na kurefuka. Inafanya kazi ya breki. Kila hatua huichana kidogo kidogo, michano midogo isiyoonekana kwa macho. Ajabu yake ni kwamba wakati wa kukimbia mtu hasikii sana. Pumzi ipo, moyo umetulia, saa ya mkononi inampa habari njema. Maumivu makali huja kesho yake na keshokutwa.

Madereva wa malori wanaoshuka Kitonga, kule Iringa, wanalijua jambo hili kuliko sisi tunaohubiri. Dereva mwenye akili haanzi kutafuta breki akiwa katikati ya mlima. Anaingiza gia ndogo akiwa bado juu, wakati gari bado linamtii. Anayeliachia lori liserereke ili awahi au abane mafuta, akikanyaga breki chini zimeshika moto na hazishiki tena.

Hata mabingwa hukutana na somo hilo. Mwanariadha wetu Juma Ikangaa, ambaye Watanzania tunajivunia, alishika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde moja tu. Njia ya Boston huanza kwa kuteremka, kisha katika sehemu ya pili vinakuja vilima vya Newton. Mwaka 1990 Ikangaa aliondoka kwa kasi kubwa mno tangu kwenye mteremko ule wa mwanzo. Gelindo Bordin wa Italia alijizuia nyuma, akampita vilimani na kushinda. Simlaumu shujaa wetu, kwa maana ni nani kati yetu ambaye njia ikimbeba hukumbuka kujizuia?

Na kuna jambo la pili. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai wa Kenya alikimbia Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2. Hakuna aliyekuwa amewahi kukimbia marathoni kwa kasi hiyo. Hata hivyo hakuandikiwa rekodi ya dunia, kwa sababu kanuni hazikubali rekodi katika njia inayoshuka kiasi kile, wala ile ambayo mwanzo na mwisho wake viko mbali namna ile. Siku hizi Boston wenyewe wamekuwa wakali. Kwa wanaoomba kushiriki mbio za 2027 na kuendelea, aliyepata muda wake kwenye njia yenye mteremko mkubwa huongezewa dakika tano au hata kumi, kulingana na kiasi njia ilivyoshuka. Ni kama wanamwambia: ndugu, hongera, lakini sehemu ya kasi hiyo si yako, ni ya mlima.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Baada ya kicheko akanyamaza, halafu akasema, "Padri, nataka kuungama." Nikamwambia kitubio hakifanyiki kwa simu, atamtafuta padri wa huko. Lakini kama ni mazungumzo ya baba na mwana, azungumze.

Akaniambia kwamba baada ya kilomita 30 rafiki yake alianza kubaki nyuma. Yeye alikuwa mbele kwa hatua kadhaa. Alipogeuka, alimwona ameketi kando ya barabara, chini ya mwamba, ameshika paja kwa mikono miwili. Rafiki hakuita. Aliinua mkono tu. "Nilitazama saa," alisema. "Nilikuwa ndani ya muda wa Boston, tena kwa dakika chache tu. Nikajiambia watu wa huduma ya kwanza watamfikia. Na kweli walimfikia. Haikuwa hatari, ni misuli tu ilikaza. Lakini Padri, sikusimama. Na tangu siku ile hapokei simu zangu. Je, ni dhambi?"

Sikumjibu upesi. Nilimwomba afungue Injili ya Luka sura ya 10, pale Yesu anapotoa mfano wa Msamaria Mwema, asome polepole akitafuta neno moja: kushuka.

Sisi waumini mfano huu tunaujua kwa moyo, na pengine ndiyo maana hatuusomi tena. Yerusalemu uko juu ya milima, karibu mita 750 juu ya usawa wa bahari. Yeriko uko karibu mita 250 chini ya usawa wa bahari. Katikati yake ni mwendo wa kilomita zisizofika thelathini, na njia ya kale ilipita kando ya korongo lenye kuta kali za mawe, ambalo leo linaitwa Wadi Qelt. Kwa hiyo nchi ya mfano huu inafanana sana na ile aliyopita kijana wetu: barabara inayoshuka kwa kilomita nyingi kwenye makorongo, na mtu ameketi kando yake, hawezi kuendelea.

Luka anaeleza kwamba yule aliyeangukia kwa wanyang'anyi alikuwa akishuka. Kisha anasema kuhani naye alikuwa akishuka kwa njia hiyohiyo. Mara nyingi tumemtetea kwamba aliogopa kujitia unajisi kwa kugusa maiti kabla ya kuhudumu hekaluni. Lakini kama alikuwa akishuka, basi hekalu alikuwa ameliacha nyuma. Hakuwa anakwenda kwenye sadaka, alikuwa anatoka. Yamkini ibada ilikuwa imekwisha, nyumbani kunamngoja, na njia yenyewe inamsukuma mgongoni. Sidhani alikuwa mtu mwovu. Nadhani alikuwa katika mteremko.

Msamaria je? Luka hatuambii kama alikuwa akipanda au akishuka. Anatuambia tu kwamba alikuwa safarini. Lakini tunajua kwamba alisimama, akampandisha mgeni yule juu ya mnyama wake mwenyewe, na safari yake ikawa ya mwendo wa polepole. Alipoteza muda, mafuta, divai na dinari mbili, na akaahidi kulipa zaidi.

Nikiwa kuhani, nisingeweza kumsomea kijana somo hilo na mimi nikabaki nje yake. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nashuka mlima mmoja jimboni kwetu nikielekea kwenye jubilei ya padri mwenzangu. Nilikuwa nimechelewa. Kwenye kona nilimwona mama amesimama na mtoto mgongoni, kainua mkono. Nilisema moyoni kwamba nikisimama hapa kwenye mteremko ni hatari, na gari la nyuma litamchukua. Sikutazama kwenye kioo kuona kama kweli kulikuwa na gari nyuma. Siku ile nilihubiri juu ya upendo, na watu walipiga vigelegele. Mpaka leo sijui mama yule alikuwa anakwenda wapi, wala mtoto alikuwa na nini. Nimeungama jambo hilo, na Mungu amenisamehe, lakini kona ile sijaisahau.

Nilimsimulia kijana. Kisha nikamwambia: mwanangu, kosa lako halikuanza kilomita ya 30. Lilianza kule juu, ulipoacha njia ikubebe mpaka ukaamini kwamba kasi ile ni yako, na kwamba aliyeketi ameketi kwa udhaifu wake.

Mpendwa msomaji, huenda hujawahi kukimbia hata kilomita moja. Lakini jiulize, mteremko wako ni upi? Tumezoea kumwomba Mungu nguvu za kupanda. Ugonjwa ukiingia tunafunga novena, ada zikikosekana tunakesha. Lakini cheo kikipatikana, mazao yakikubali, duka likichangamka, watoto wakifaulu, tunaweka mikono mfukoni na kuacha maisha yaserereke. Ni katika siku hizo ndugu wa kijijini anaacha kupokelewa simu. Jumuiya inakusanyika Jumamosi nyumba ya nne kutoka kwetu, nasi tuna udhuru. Mume na mke wanaacha kusali pamoja kwa sababu hakuna tatizo. Hatusikii maumivu, kama yule mkimbiaji asivyosikia. Yanakuja siku ya tatu, tunapotaka kushuka ngazi na miguu haitutii.

Dawa yake ipo, na hata miili yetu inaifundisha. Wataalamu wa mazoezi wanaeleza kwamba misuli iliyozoeshwa kushuka, hata kwa mazoezi machache, haichaniki tena kama mara ya kwanza. Basi tuzoee kujizuia wakati mambo ni mepesi. Siku mshahara unapoingia, kabla ya kununua chochote, mtembelee mgonjwa mmoja na kitu mkononi. Siku unaposifiwa, mtaje kwa jina aliyekusaidia kufika hapo. Unaposali jioni, kabla ya kumshukuru Mungu kwa mwendo, muulize ni nani uliyempita. Hiyo ndiyo gia ndogo, na huingizwa ukiwa bado juu.

Tena Bwana wetu alishuka kuliko sisi sote. Mtume Paulo anawaeleza Wafilipi, sura ya 2, jinsi Kristo alivyojishusha kutoka utukufu wa Mungu mpaka msalabani. Na katika kushuka kwake hakumpita mtu. Alimsimamia kipofu aliyeketi kando ya njia kule kule Yeriko, ingawa umati ulimtaka anyamaze ili msafara uendelee.

Kijana wetu hakupiga tena simu kwa rafiki yake. Nilimshauri aende mwenyewe, akaenda na miguu yake inayouma, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na kugonga mlango. Hakujieleza. Aliomba radhi. Rafiki alimwacha amesimama mlangoni kitambo, kisha akamwambia aingie. Kuhusu Boston hatujazungumza tena.

Ukitoka kanisani leo, na njia ya kurudi nyumbani ikiwa nyepesi, tembea polepole kidogo. Tazama kando ya barabara. Nakutakia Dominika njema, na Mungu akubariki.