Printa ya Picha Hufa kwa Kukaa

Picha nyingi za familia siku hizi zinaishi ndani ya simu, na simu ikiibiwa au ikitumbukia majini, zinakwenda nayo. Ndiyo maana wapenzi wa picha, hata wanaoishi mbali na studio za mjini, wanatamani kumiliki printa ya wino ya kuchapishia picha nyumbani. Kwa mkazi wa Nyakahura, kata ya Wilaya ya Biharamulo iliyo kando ya barabara kuu ya Lusahunga kwenda Rusumo, uamuzi huo unataka hesabu. Kuna vumbi la kiangazi, kuna umeme unaokatika bila taarifa, na fundi anayezijua mashine hizi hayupo jirani. Mwenye printa akielewa jinsi wino unavyofika kwenye karatasi, mambo yote hayo matatu anayamudu.

Njia za kurusha wino ni mbili. Ya kwanza hutumia joto. Mwaka 1977, katika maabara ya kampuni ya Canon nchini Japani, pasi ya kulehemu iligusa sindano ya bomba lenye wino, na wino ukaruka nje. Mhandisi Ichiro Endo na wenzake waliona maana yake: wino ukipashwa moto ghafla hutoa kiputo cha mvuke, na kiputo hicho husukuma tone. Hewlett-Packard nao waliifikia njia hiyo wenyewe, wakaingiza sokoni printa ya ThinkJet mwaka 1984.

Njia ya pili haihitaji moto. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba kuna kristali ambazo zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: zikipelekewa umeme, hubadili umbo. Kampuni ya Epson iliijenga hedi ya printa zake, yaani sehemu inayorusha wino, juu ya tabia hiyo, na tangu Stylus 800 ya mwaka 1993 ndiyo njia yake kuu. Kipande kidogo cha kristali hujikunja, kikakamua tone moja la wino, kikarudi kilivyokuwa, maelfu ya mara kwa sekunde.

Chukua mfano wa Epson L805, printa ya matangi yenye rangi sita. Hedi yake ina matundu 90 kwa kila rangi, na tone dogo kabisa linalotoka hapo lina ujazo wa pikolita 1.5. Kwa hesabu hiyo, mililita 70 za wino zina matone zaidi ya bilioni 46, na kila tone lina kipenyo cha maikromita 14 hivi, kama moja ya tano ya unene wa unywele. Tundu linalopitisha kitu kidogo hivyo halihitaji uchafu mwingi ili lizibe.

Wino wa printa hizi kwa sehemu kubwa ni maji, yaliyotiwa rangi na kemikali za kupunguza kasi ya kukauka. Printa ikizimwa kwa kitufe chake, hedi hurudi pembeni na kukaa juu ya kifuniko cha mpira kinachozuia hewa. Ukichomoa waya ukutani, au umeme ukikatika katikati ya kazi, hedi inaweza kubaki wazi ilipofikia. Maji huanza kuondoka kwenye kila tundu, wino unakuwa mzito, na baada ya siku kadhaa za kiangazi unageuka gundi. Kwa hiyo umeme ukirudi, kwanza washa printa, iache hedi irudi mahali pake, kisha zima kwa kitufe. Mwenye uwezo anunue UPS ndogo, betri inayoshika umeme ukikatika. Printa hizi hazina ulaji mkubwa wa umeme: nyingi hazifikishi wati 30 zikichapisha, wakati printa ya leza huhitaji mamia ya wati kuyeyushia unga wake. Hata nyumba yenye sola na inveta ya kiasi inaweza kuendesha printa ya wino.

Katika kuchagua, tazama mambo matatu. La kwanza ni wino. Kabla ya kulipia mashine, ulizia chupa zake Biharamulo, Ngara na Kahama. Kama hazipatikani, mashine hiyo si yako, hata iwe nzuri namna gani. Printa za matangi hushinda za katriji hapa, kwa kuwa chupa moja huchapisha picha nyingi na gharama ya kila picha hushuka. La pili ni idadi ya rangi. Printa ya rangi nne hutoa picha nzuri, lakini yenye rangi sita huongeza samawati hafifu na majenta hafifu, na faida yake huonekana usoni: mng'ao wa paji la uso na shavu hushuka taratibu kuelekea kwenye kivuli bila chembechembe. La tatu ni hedi. Katika printa nyingi za joto unaweza kuitoa na kuweka nyingine. Ile ya kristali imefungwa ndani, na kuibadilisha kunaweza kugharimu fedha nyingi kiasi cha kukufanya ufikirie printa mpya.

Matunzo yenyewe ni mepesi. Chapisha picha moja yenye rangi zote kila wiki, hata kama huna mteja wala mgeni. Ukiona mistari kwenye picha, chapisha karatasi ya kukagua matundu: vijistari vya kila rangi hupangwa kama ngazi, na panapokosekana kijistari ndipo palipoziba. Safisha hedi kwa amri ya printa mara moja au mbili, kisha kagua tena. Usirudie ovyo. Kila usafishaji hunyonya wino na kuumwaga kwenye sponji iliyo chini ya mashine, na sponji hiyo ikijaa printa hugoma kufanya kazi. Matundu yakikataa kufunguka, zima, iache usiku kucha wino ulainike, ujaribu asubuhi. Usiache wino ushuke chini ya mstari wa mwisho wa tangi, maana hewa ikiingia kwenye mirija ni kazi kuitoa. Funika printa kwa kitambaa kila umalizapo kazi. Ukiisafirisha kwa basi au bodaboda, funga kwanza kufuli ya matangi kama ipo, na ibebwe ikiwa imelala sawa.

Picha nayo iandaliwe. Kwa picha ya sentimita 10 kwa 15, pikseli milioni mbili zinatosha, na karibu kila simu ya leo inazo. Kinachoharibu ni WhatsApp, ambayo huibana picha ikitumwa kwa njia ya kawaida. Mwambie anayekutumia aitume kama dokumenti. Kwenye kompyuta, chagua aina ya karatasi uliyoweka hasa, kwa sababu chaguo hilo ndilo linaloiambia printa imwage wino kiasi gani.

Picha ikishatoka, nayo inataka kutunzwa. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, iliacha picha za chumvi ya fedha zinazotazamwa hadi leo. Wino wa rangi zilizoyeyushwa, kama wa L805, ni dhaifu zaidi: jua, unyevu na gesi ya ozoni huufubaza. Picha yako iache ikauke siku nzima, iweke kwenye fremu yenye kioo, na itundike ukuta usiopigwa na jua. Na wiki hii, kabla hujafikiria kununua wino mwingine, washa printa yako uchapishe picha moja.