Karte ya divai ya Keshero tuliisoma kama karatasi ya mizani

Wenzangu hunituma kwa mambo ya mizani, kwa pesa ya mgonjwa, kwa mwenzetu aliyefunikwa na udongo. Kuonja divai, hapana, haijatokea. Lakini kijana mumoja wa timu yetu alipokea zamu yake ya likelemba, dola 150, na kazi ilibaki moja: kisha mahari, kuwakalisha bakwe wake sita mezani, kwenye nyumba ya nyama hapa Keshero, upande wa ziwa. Baba mkwe alikuwa ametuma neno: bia iko sawa, lakini chupa ya divai ikionekana itakuwa heshima.

Kijana akanifuata. «Mzee, divai mimi siijui. Twende tuangalie mbele, wasinicheke.» Tukaenda wawili, siku tatu mbele ya karamu.

Ile nyumba siitaji jina. Ukutani wameandika steki ya Kimarekani, lakini ng'ombe ametoka Masisi, ameshuka na njia ya Sake sawa sisi. Nyama ni nzuri, moto unajua kazi yake. Shida iko kwenye karte.

Ukurasa wa bia uko safi: Primus, Mützig, Turbo King, bei mbele ya kila moja. Unafungua ukurasa wa divai: majina nane, bei tatu. Nikauliza. Mhudumu akajibu: «Papa, inategemea siku.» Hapo nikaondoa maksi za kwanza. Bei ya siku tunaijua sana. Negosiani anakuambia bei ya siku wakati coltan yako iko tayari ndani ya gari lake.

Divai ya bei kali ilikuwa ile iliyoandikwa «Bordeaux» tu. Hakuna mwaka, hakuna jina la aliyeitengeneza. Bordeaux ni eneo kubwa, lina watengenezaji maelfu, wazuri na wabaya. Sisi gunia moja lilikuwa linadaiwa etiketi: shimo gani, kilima gani. Mtu akiandika «Masisi» peke yake walikuwa wanamrudisha. Chupa ya dola 40, ipite bila maswali?

Tena glasi. Chupa ya kawaida ni sentilita 75, inatoa glasi tano za kiasi. Pale glasi moja ni dola 5, chupa ni dola 18. Piga hesabu: glasi tano ni dola 25. Na ile ya glasi inatoka kwenye katoni ya litro 5, si kwenye chupa. Katoni si kitu kibaya, bana: mfuko wa ndani unajikunja, hewa haiingii, divai inakaa wiki kadhaa. Ubaya ni kuiuza kuliko chupa. Tuliona pia chupa nyekundu wazi juu ya kaunta. Nikanusa: siki. Divai nyekundu ikifunguliwa, siku tatu ine inaanza kuharibika. Omba wafungue mbele ya macho yako.

Nyingi ya zile chupa ni za Afrika Kusini. Zinakuja na meli paka Mombasa ao Dar es Salaam, kisha lori, kisha mipaka, na kila kizuizi kinaongeza kitu. Dodoma, kule Tanzania, wanalima zabibu na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Ni karibu zaidi na sisi, lakini kwenye karte haikuwako hata moja.

Niliyoipa maksi ni Pinotage. Ni zabibu iliyotengenezwa Stellenbosch mwaka 1925 na Abraham Perold, mwalimu wa chuo kikuu, kwa kuoanisha zabibu mbili za Ufaransa. Iko na nguvu ya kusimama na moshi, mafuta na pilipili. Wale wanaopenda nyekundu ya sukari, wanywe, haiko haya. Mimi na nyama ya kuchoma siiwezi.

Kijana akajaza glasi ya bia paka juu. Nikamzuia. Primus kubwa ya sentilita 72 iko na pombe karibu 5 kwa mia, divai karibu 13. Chupa moja ya divai inakaribia Primus tatu. Wangapi wameshuka Rubaya na pesa ya mwezi, wakaamka simu haiko, minerval ya watoto haiko?

Tukaita mwenye nyumba. Mama mpole, akachukua bic, akaandika bei mbele yetu, na Pinotage akaiacha kwa dola 16. Tukapatana chupa mbili, bia nane, nyama, makemba. Kijana akabaki na dola 37 za kitanda.

Jumamosi baba mkwe alisoma etiketi kwa sauti, mara mbili, wote wakanyamaza. Mama mkwe hakuonja. Aliomba jus ya maracuja, kisha akauliza kama mbuzi imebaki.