Kabla ya Kuilaumu Shule, Hesabuni Watoto

Kila matokeo ya mtihani wa darasa la nane yalipotangazwa, hapa Merigi lilizuka swali lile lile: walimu wetu wanafanya nini? Tangu KCPE ilipoanza mwaka 1985 hadi ilipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mwalimu mkuu wa shule ya kutwa alikuwa mshtakiwa asiye na wakili. Alilinganishwa na shule ya bweni ya kibinafsi, na hukumu ikatolewa kabla chai haijapoa. Nathubutu kusema kwamba hukumu hiyo haikuwa ya haki.

Hebu msomaji tupige hesabu. Tuseme shule ina watahiniwa 80. Kati yao, 20 wanaweza kupata alama 350 kwa 500, na 60 waliosalia alama 220. Wastani ni 252.5. Sasa wazazi wa wale 20, ambao aghalabu ndio wenye mashamba mapana ya chai au mishahara ya serikali, wawahamishie watoto wao bwenini. Wastani wa shule yetu utaporomoka hadi 220, ilhali hakuna mwalimu aliyezembea wala kitabu kilichopotea. Shule ya bweni nayo itatundika 350 langoni, hata kama haijawafundisha watoto hao neno moja jipya!

Waliobaki ni akina nani? Ni watoto wa wenye vishamba vidogo na wa vibarua wanaolipwa kwa kilo. Ni wajukuu walioachiwa nyanya zao huku wazazi wakiishi katika kambi za mashamba makubwa ya Kericho. Kazi ikihama, mtoto naye huhama katikati ya muhula. Mvua ikinyesha na majani yakachipua, kikapu hakingoji kengele.

Kisha kuna lugha. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ni kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Kwetu ni Kikipsigis. Mtoto wa kibarua aliyetoka Kisii huanza shule akiwa mgeni wa lugha hiyo, na kabla hajaizoea vizuri, darasa la nne linamdai Kiingereza.

Elimu ya bure ya mwaka 2003 iliongeza wanafunzi wa shule za msingi nchini kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Shule ya umma haikuchagua nani aingie. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo ikakataza kumrudisha mtoto darasa, kwa hiyo shule inayoitii haiwezi kumficha mwanafunzi dhaifu ili wastani upendeze.

Sisemi walimu wote ni malaika. Yuko anayeshinda sokoni siku ya Jumanne, na huyo akemewe. Lakini akemewe kwa kutoingia darasani, si kwa umaskini wa wazazi wa wanafunzi wake.

KPSEA ilikuja mwaka 2022 na KJSEA mwaka 2025, ila macho yetu ni yale yale. Ninaloziomba bodi za shule ni dogo: kando ya matokeo, wabandike idadi ya watoto walioanza gredi ya kwanza, waliohama, waliohamia, na walioacha shule kabisa. Takwimu hizo zimo katika daftari za mahudhurio, na kuzinakili ni kazi ya alasiri moja.