MAMA MWENYE MTOTO MCHANGA ASIKAE PEKE YAKE

Yako mambo ambayo mtu mwenye kazi ya kalamu hudhani anayajua kwa sababu amesoma, kumbe hayajui. Mimi ni karani wa serikali, na kila siku barua nyingi za watu wengine hupita mikononi mwangu. Lakini kijitabu kimoja cha nyumbani kwangu sikukisoma, na kwa kutokisoma huko nusura nimzike mtoto wangu. Naieleza habari hii ili wazazi wenzangu wapate faida.

Miaka michache iliyopita nilihamishiwa Kisumu. Mke wangu alikuwa na mtoto wetu wa kwanza, mwenye umri wa miezi saba. Kwetu ni milimani, mbali na ziwa, na lugha ya watu wa hapa hatukuijua. Tulipanga chumba kimoja. Mimi nilitoka asubuhi kwenda ofisini na kurudi jioni; mke wangu alibaki ndani na mtoto, mlango umefungwa, kwa kuwa hakumjua mtu. Nami niliona ni vema, nikisema moyoni kwamba mwanamke mwenye heshima hukaa kwake. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Mtoto alipotimiza miezi tisa, mama yake alimpeleka katika zahanati ili apate sindano ya surua, ambayo wengine huiita ukambi. Akaambiwa kwamba siku hiyo haitolewi, arudi siku nyingine. Alirudi, akaambiwa vivyo hivyo. Aliponieleza nilimjibu, "Tutaona mwisho wa mwezi," nikaendelea kula. Hilo lilikuwa kosa la pili. Kabla ya mwisho wa mwezi homa ilikuja. Macho ya mtoto yakawa mekundu, vipele vikaanza usoni vikashuka mwilini, akakataa kunyonya. Siku nne tulikaa hospitali tukisikiliza anavyovuta pumzi. Mungu alimhurumia, akapona.

Aliyetusaidia usiku ule wa kwanza alikuwa jirani yetu, mama mtu mzima auzaye samaki sokoni. Alisikia kilio, akabisha hodi, akamchukua mtoto mikononi, akatuma kijana wake kutafuta gari. Tuliporudi nyumbani aliniketisha akaniambia, "Baba, hapa kwetu sindano ya surua hutolewa Alhamisi. Kila mama wa ploti hii anajua. Mbona hamkuuliza?" Nilikosa la kujibu.

Baadaye nilielezwa sababu ya siku hiyo moja. Mara nyingi chupa moja ya dawa ya surua hutosha watoto kumi. Ikishachanganywa na maji yake, haina budi kutumika katika muda wa saa sita, na inayobaki hutupwa. Kwa hiyo katika vituo vingi wauguzi huwakusanya watoto kwa siku moja ili dawa isipotee. Jambo hili halikuandikwa mlangoni. Lilikaa vinywani mwa akina mama. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba msaada kwa mama na mtoto upo tele, lakini mara nyingi ufunguo wake ni kujuana na mama wengine.

KIJITABU CHA MAMA NA MTOTO

Kila mama aendaye kliniki ya wajawazito hupewa kijitabu. Ndani yake huandikwa uzito wa mtoto na sindano zake zote. Mtoto huchanjwa dhidi ya kifua kikuu na kupewa matone ya polio mara azaliwapo. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hupata kinga ya dondakoo, kifaduro, pepopunda na magonjwa mengine. Sindano ya surua huja katika mwezi wa 9, na tena katika mwezi wa 18. Tangu mwezi wa 6 hadi miaka mitano, kila baada ya miezi sita hupewa vitamini A. Nasi tukaao karibu na ziwa tuna jambo la kushukuru: mnamo Septemba 2019 chanjo ya malaria ilianzishwa katika Homa Bay, na sehemu nyingine za magharibi mwa Kenya zenye malaria nyingi zikafuata.

Sindano hizi hazilipiwi katika vituo vya serikali. Tena, tangu mwaka 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja mikoba yenye vifaa, nao hupita nyumba kwa nyumba. Akibisha hodi kwako, usimfukuze kana kwamba amekuja kudai kodi. Mwonyeshe kijitabu.

VIKUNDI VYA AKINA MAMA

Wazee wetu watakumbuka kwamba chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952, wakati wa Hali ya Hatari, chini ya uongozi wa mabibi wa Kizungu. Katika vilabu vyake wanawake walifundishwa kushona, usafi wa nyumba na malezi ya watoto. Mwaka 1958 Bibi Phoebe Asiyo, ambaye baadaye alikuwa Mbunge wa Karachuonyo, akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza. Vikundi vya namna hiyo vingali katika mitaa na vijiji vyetu, ingawa majina yake ni mengi. Akina mama hukutana mara moja kwa wiki, huchanga fedha kidogo, hukopeshana, na huku watoto wao wakicheza pamoja uani.

Baada ya ugonjwa ule, mke wangu aliingizwa katika kikundi cha yule mama muuza samaki. Katika muda wa miezi mitatu alijua siku za kliniki, duka liuzalo unga mzuri wa uji, mama mwaminifu wa kulea watoto mchana, na maneno ya Kijaluo ya kutosha kununulia omena bila kupunjwa. Hata uso wake ulibadilika. Nilikuwa sijatambua jinsi alivyokuwa amekonda kwa upweke.

MAHALI PA KWENDA NA WATOTO

Wako wasemao kwamba kutembea na watoto ni anasa ya matajiri. Sivyo. Hapa Kisumu iko maktaba ya umma, na mtoto asiyejua kusoma aweza kutazama picha huku mama akimsimulia. Kando ya barabara ya Nairobi iko Makumbusho ya Kisumu, iliyofunguliwa mwaka 1980. Humo mna samaki wa ziwani, nyoka na mamba, na pia boma zima la Kijaluo, ambamo nyumba ya mke mkubwa imeelekeana na lango. Mtoto aliyezaliwa katika ploti ya mjini huona hapo jinsi babu zake walivyokaa. Karibu na ziwa kuna hifadhi ya swala, iliyotangazwa rasmi mwaka 1992. Kwa makumbusho na hifadhi hiyo, uliza kwanza kiingilio ili usiaibike langoni.

Asiye na senti na aende Dunga asubuhi, akawaonyeshe watoto mitumbwi ikirudi na ndege katika mafunjo. Lakini amshike mtoto mkono, kwa maana ziwa halina huruma. Na mkulima aliye mbali na mji asijione maskini. Shamba lenyewe ni shule: mpe mtoto mbegu kumi za maharage, kitalu chake, na kopo la kumwagilia maji, kisha utaona atakavyoamka mapema kuzitazama.

KAZI YA BABA

Sasa nasema nasi wanaume. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Wiki zangu mbili, nakiri kwa haya, nilizitumia kujenga ukuta wa shamba la nyumbani na kupokea pongezi za marafiki. Kijitabu cha mtoto sikukifungua hata mara moja.

Ndugu msomaji, mambo yampasayo baba si magumu. Soma kijitabu, uandike tarehe ya sindano ijayo mahali utakapoiona kila siku. Toa nauli ya kliniki kabla ya kuombwa. Ukihamishwa, jambo la kwanza mwamkie jirani, umjulishe mkeo kwake. Na jioni moja kwa wiki kaa na mtoto, ili mama aende kikundini bila wasiwasi. Ukimfungia mkeo ndani kwa jina la heshima, umemfungia pia mtoto nje ya msaada.

Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Mimi niliisoma methali hiyo shuleni nikapata alama nzuri, lakini maana yake nilifundishwa na mama muuza samaki.

Mwezi uliopita watu wageni walihamia chumba cha jirani, mke na mume na mtoto mchanga. Kabla hawajamaliza kupanga vyombo, nilimwona mke wangu akivuka ua na birika la chai, akabisha hodi. Nikamsikia akisema, "Karibuni sana, mama. Sindano ya surua hapa kwetu ni Alhamisi."