Siri ya mtungi usioanguka imo ubongoni

KATIKA vichochoro vinavyoteremka kutoka steji ya Olympic, mtaani Kibera, Nairobi, mpita njia hulazimika kuwapisha kina mama waliojitwika mitungi ya maji ya lita 20. Mitaro ya majitaka i wazi, na mvua inyeshapo tope huteleza. Hata hivyo, mama hupita amemshika mtoto mkono, akiitikia salamu za jirani, na mtungi hauanguki.

Wengi hudhani kazi yote ni ya shingo na ngata. La hasha! Sehemu kubwa hufanywa na ubongo, tena pasipo mwenyewe kujua.

Ubongo hupokea habari kutoka pande tatu. Macho huona njia. Ndani kabisa ya sikio mna vijifereji vitatu vyenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo hulaza vinyweleo laini ambavyo huujulisha ubongo. Upande wa tatu ni misuli, viungo na nyayo, ambavyo hueleza goti limekunjwa kiasi gani na uzito umeegemea wapi. Anayetilia shaka ushirikiano huu na asimame kwa mguu mmoja, kisha afumbe macho.

Habari hizo hukutana katika shina la ubongo na katika sehemu iliyo karibu na kisogo, iitwayo serebelamu. Serebelamu ni kama moja kwa kumi tu ya uzito wa ubongo, lakini ina takriban asilimia 80 ya seli zake za neva. Hulinganisha mwendo uliokusudiwa na uliotendeka, kisha husahihisha. Pombe huivuruga upesi, ndiyo sababu mlevi hupepesuka.

Lakini habari kutoka wayo huchukua muda kufika kichwani, na mguu ulioteleza haungoji. Kwa hiyo ubongo hubashiri: kabla hatua haijakanyagwa, misuli ya kiuno na mgongo huwa imekwisha kujiandaa. Ubashiri huo hujengwa kwa mazoezi ya miaka mingi, tangu msichana anapojitwika kopo dogo.

Mnamo 1986, Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kiluo, wanaobeba mizigo kichwani, na wa Kikuyu, wanaotumia kamba iliyopitishwa kwenye paji la uso. Mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzani wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu hata kidogo. Utafiti wa 1995 ulionyesha kwamba mwili wa mbebaji huyumba kama timazi, na kila hatua huirithisha inayofuata nguvu zake. Si wote wanaojaliwa hivyo, hata hivyo. Wanawake wa Kixhosa waliopimwa Afrika Kusini mwaka 2010 walitofautiana sana.

Kwa mwanamke mwenye kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Mtungi uliojaa una kilo 20 na ushei. Kilo nane zilizozidi hazina msamaha: mwili huzilipia kwa nguvu za ziada, kila hatua, kutoka bombani hadi mlangoni. Ubongo unaweza kuuzuia mtungi usianguke. Hauwezi kuipunguza njia.