Mashine Isiyofunga Mlango

Zamani benki zikishafungwa alasiri, basi! Mwalimu aliyetoka Malava akicheleweshwa na matatu alitoka mjini Kakamega mikono mitupu, hata kama nyumbani kuna mgonjwa.

ATM imepunguza adha hiyo. Mojawapo ya mwanzo kabisa duniani ilifunguliwa Enfield, London, mwaka wa 1967. Siku hizi ukitia kadi na kubonyeza nambari ya siri, mashine huuliza kompyuta ya benki kama akiba yatosha. Ikitosha, hukuhesabia noti, hata usiku wa manane.

Lakini jamani, mashine haijui sura yako. Yajua kadi na nambari tu. Kwa hivyo tuwaambie wazee wetu wasimtajie mtu nambari hiyo, hata kijana mpole ajitoleaye kuwasaidia. Wakikwama, wamuulize karani ndani ya benki. Tahadhari kabla ya hatari!