Wekundu Unaotoka Kivulini

Dukani hawavutii. Wamejazana kwenye tangi tupu chini ya taa kali, rangi imepauka kama kanga iliyofuliwa mara mia, na wateja wanawapita kwenda kwa samaki wa dhahabu. Mimi mwenyewe niliwapita mara mbili. Mara ya tatu nilinunua wanane, na kilichonishawishi kilikuwa bei. Wiki ya tatu nyumbani, dume mmoja alichomoza nyuma ya majani akiwa mwekundu kama pilipili iliyoiva, mapezi ameyatandaza mbele ya mwenzake. Nikadhani kuna mtu kaniwekea samaki mwingine.

Huyu ni barbi cheri, Puntius titteya kwa jina la kisayansi alilopewa mwaka 1929 na P.E.P. Deraniyagala, mwanasayansi wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ni samaki wa urefu wa sentimita 5 hivi, ana vijisharubu mdomoni, na hana ugomvi na mtu. Ningu wa Ziwa Victoria ni jamaa yake wa ukoo mmoja, ingawa ningu huishia kwenye sufuria. Kwao ni vijito vya kusini-magharibi mwa kisiwa, maji ya kina kifupi yanayopita polepole chini ya miti, na sakafuni majani makavu yametanda. Kwa hiyo anapowekwa juu ya kokoto nyeupe, taa ikimwakia utosini, hofu humwingia. Chembe za rangi ndani ya seli za ngozi yake hujikusanya katikati, na samaki hupauka. Akitulia, chembe hutawanyika tena na rangi hurudi.

Sisi wa pwani tuna dawa ya jambo hili, na huwa tunaifagia kila asubuhi: majani ya mkungu. Yaliyokauka yenyewe na kuanguka, ukiyasuuza na kuyatumbukiza tangini, hugeuza maji kuwa na rangi ya chai hafifu. Hiyo ni tanini. Inapunguza ukali wa mwanga na kuyapa maji uasidi kidogo, na majani yenyewe yanakuwa maficho.

Lakini kivuli peke yake hakimpi samaki wekundu. Karotenoidi, rangi ileile ya karoti, hawezi kuitengeneza mwilini, lazima aile. Chakula kikavu cha kopo kinatosha kumweka hai, ila viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye ndoo ya uani ni karamu. Wahi tu kuwavua kabla hawajaota mbawa, majirani wasije wakakuchukia. Mpe kidogo kidogo mara mbili kwa siku, kwa sababu samaki wa ukoo huu hawana mfuko wa tumbo: chakula kinapitiliza moja kwa moja kwenye utumbo.

Na watoto wasigonge kioo. Barbi ana mlolongo wa vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio la ndani, kwa hiyo kidole kinachogonga kioo kwake ni kama ngoma.

Kosa langu kubwa lilikuwa usafi. Mwezi wa pili nilichukua sponji ya chujio nikaiosha kwa maji ya bomba mpaka ikang'aa. Siku ya tatu samaki walikuwa juu ya maji wakihema, wekundu umetoweka; wawili walikufa. Ute niliousafisha ulikuwa bakteria. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, nayo ni sumu. Bakteria mmoja huigeuza nitriti, ambayo ni sumu pia, na mwingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia. Kundi hilo huchukua wiki 4 hadi 6 kukomaa katika tangi jipya. Klorini ya bomba ilinimalizia kazi hiyo kwa dakika moja, na joto la Dar es Salaam likaongeza chumvi kwenye kidonda, maana amonia huzidi ukali maji yakipata moto. Sasa sponji naikamua ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Kila wiki nabadilisha robo ya maji, kwa maji ya bomba yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini.

Tangi la lita 60 lililojaa mimea linawatosha wanane, majike wakiwa wengi kuliko madume ili wapate kupumua. Wakishazoea hutaga bila kukuuliza: jike hutawanya mayai kwenye mimea, kisha yeye na dume huanza kuyala. Juzi niliinua jani la mkungu lililooza nusu, likabaki mifupa tu kama wavu. Chini yake kulikuwa na kitoto kimoja, chembamba kama uzi, chenye macho mawili.